Mkia Umo

Inspekta alifika chini ya mnara wa saa saa kumi na mbili na nusu, asubuhi ya Jumatatu, na kabla hata ya kuitikia salamu alimnyooshea Koplo mkono ampe faili. Ndani mlikuwa na maelezo ya mashahidi kumi na watatu. Alikwisha kuyasoma mara mbili, na mara zote mbili yalimkera kwa sababu ileile: yalifanana mno. Watu kumi na watatu hawawezi kukubaliana hata juu ya mvua ya jana, kama ilinyesha au ilichuruzika tu, sembuse habari za polisi.

"Wote wanasema alifika nao mpaka mwisho," alisema.

"Wote, afande. Hata mmoja hakutofautiana."

"Hilo ndilo linaloniwasha."

Koplo alikuwa mtu mzima, amebakiza miezi minane astaafu, na alijua lini mkubwa wake anauliza na lini anajisemea.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kila Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi, watu hukusanyika chini ya mnara huo kwa matembezi ya bure ya mitaa ya zamani. Wanaoneshwa roshani, milango ya nakshi, kuta za mawe na nani alimjengea nani; vituo saba, mwendo wa saa mbili, halafu kila mtu na hamsini zake. Jumamosi walianza watu kumi na wanne. Walipofika kituo cha saba, kwenye daraja la chuma, kiongozi alihesabu vichwa, navyo vikawa kumi na vinne. Wakaagana. Kumi na watatu walirudi makwao. Wa kumi na nne, mama wa miaka sitini na minane, mchoraji ramani mstaafu wa halmashauri ya jiji, hakuonekana tena.

Kwa hiyo Jumapili, tangu saa tano mpaka giza, polisi walishinda darajani. Wapiga mbizi waliingia mtoni, wakatoka na baiskeli moja, matairi matatu na kitanda cha chuma. Mama hawakumpata. Rahisi ghali, walisema wahenga. Ya bure hawakuisemea kabisa.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye ngazi za mnara. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia watu ilikuwa bado inamning'inia shingoni, tangu Jumamosi pengine. Mapajani alikumbatia kikoba kidogo cha kuhifadhi vitu vya baridi.

"Dada, umetia chochote tumboni?" Inspekta alimuuliza.

"Nitakula akipatikana."

Ndani ya kikoba mlikuwa na sindano na dawa ya sukari. Mama yake alichomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Jumamosi alijichoma kabla ya kutoka. Tangu hapo alikuwa amekosa sindano tatu, na ya nne ilikuwa inampita wakati wanaongea.

"Daktari anasemaje?"

"Anasema leo. Akipatikana leo kuna matumaini. Habari ya kesho hakuisema."

"Na mtu aliyezaliwa mji huu, akafanya kazi mji huu, anatafuta nini kwenye matembezi ya wageni?"

"Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu. Alisema kuna nyumba anataka kuitazama vizuri." Binti alivuta futi shingoni, akaizungusha kwenye vidole. "Sikumuuliza ipi. Nilikuwa na nguo za watu, afande. Sikumuuliza."

Kiongozi wa matembezi alikuwa amesimama pembeni na kipaza sauti chake kidogo kiunoni. Mtaani walimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini, ila asubuhi hiyo alikuwa hajasema hata maneno kumi. Pembeni yake alikuwapo shahidi mmoja tu kati ya wale kumi na watatu, yule pekee aliyekubali kuamka mapema: mwalimu mstaafu wa Kiswahili, suti ya kijivu, daftari kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kabla ya wakati, kama mlivyoomba. Ingawa ujumbe mliniandikia 'tafadhari'. Ni 'tafadhali'."

Koplo aliangalia viatu vyake.

"Tutatembea kama Jumamosi," Inspekta alisema. "Hatua kwa hatua. Redio, unaanzaje?"

"Naanza kwa kuchagua mkia, afande."

"Mkia ndiyo nini?"

Redio alieleza. Vichochoro vya huko ni vyembamba. Watu hupita mmoja mmoja, na yeye akiwa mbele hawezi kuona nyuma. Basi humteua mtu mmoja atembee wa mwisho, asimwache yeyote nyuma yake. Huyo ndiye mkia. Kila wakiondoka kituoni, na kila wakipiga kona, Redio hupaza sauti: "Kichwa kipo! Mkia je?" Na yule wa nyuma huitikia: "Mkia upo!" Akisikia hivyo anasonga mbele.

"Jumamosi mkia alikuwa nani?"

"Alikuwa mama. Alijitolea mwenyewe. Alisema magoti yake yamezeeka, kwa hiyo atabaki nyuma hata asipopewa cheo."

Binti alitabasamu kidogo, kisha akaacha.

Wakaanza. Koplo alipewa umkia. Kituo cha kwanza kilikuwa posta ya zamani, yenye matao matano na jua lililochongwa juu ya mlango. Redio alisema aliyosema Jumamosi, pamoja na utani wake wote, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka. Barabara zilikuwa tupu. Mitaani humo nyumba zimeegemeana, na roshani za juu zimekaribiana mpaka mwanga hauteremki vizuri. Mtu akikohoa kichochoro hiki, anasikika kile. "Kichwa kipo! Mkia je?" Na Koplo, kwa haya, nyuma kabisa: "Mkia upo."

Kituo cha pili, mbele ya jengo refu la mawe lenye madirisha madogo, Redio alisitasita.

"Hapa ulisema nini?" Inspekta akamhimiza.

"Nilisema hii ilikuwa nyumba ya tajiri mmoja wa karafuu. Mama akanikosoa. Akasema lilikuwa ghala la forodha, kwamba ramani yake aliichora yeye kwa mkono. Watu wakacheka."

"Wakamcheka yeye?"

"Mimi."

"Alikukosoa mara ngapi siku hiyo?"

"Tatu."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika, afande, siwezi kukudanganya. Miaka sita nafanya kazi hii. Mtu anakuja bure, anasikiliza bure, halafu ananivua nguo mbele za watu."

Koplo alisogea. Hapa alikuwa na neno, na alikuwa amelitunza tangu jana. "Matembezi yaliisha saa tano," alisema. "Katika maelezo yako umesema ulikwenda moja kwa moja nyumbani. Jirani yako anasema uliingia saa tisa."



"Saa nne nzima," Inspekta alisema. "Zilikwenda wapi?"

"Maktaba."

"Maktaba?"

Redio alitoa pochi, na ndani yake kikaratasi cha kuombea vitabu, chenye muhuri na saa: saa tano na dakika arobaini kuingia, saa nane na nusu kutoka. "Nilikwenda kumtafutia kosa," alisema. "Nilipekua majalada mpaka macho yakaniuma. Nikakuta lilikuwa ghala la forodha. Sikusema jana kwa sababu niliona aibu."

Mwalimu alikohoa kwa namna iliyoonesha kuwa ameridhika. Inspekta alikitazama kikaratasi mbele na nyuma, akakiingiza kwenye faili, na Koplo akarudi mkiani akiwa mfupi kidogo kuliko alivyotoka.

Walipofika kituo cha tatu Inspekta hakumwacha Redio afungue mdomo. Alikalia baraza ya nyumba ya watu, akafungua faili gotini.

"Koplo, nisomee swali ulilowauliza mashahidi. Neno kwa neno."

Koplo alisoma. "'Je, mkia aliitikia mpaka kituo cha mwisho?' Jibu: ndiyo."

"Uliwauliza hivyohivyo wote?"

"Hivyohivyo, afande. Ili majibu yalingane."

"Yamelingana." Inspekta alilifunga faili taratibu. "Kuuliza si ujinga, Koplo, lakini sisi tumeuliza kijinga. Uliuliza habari za mkia. Habari za mama hukuziuliza." Akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu wangu, kule darajani, aliyeitikia alikuwa nani?"

"Mwanamume," Mwalimu alisema.

Redio alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa maana alishika kipaza sauti chake kiunoni kama mtu aliyeshikwa na kichomi.

"Hukusema," Inspekta alisema.

"Sikuulizwa. Niliulizwa kama mkia aliitikia. Aliitikia. Nilidhani mama amechoka, wamepokezana zamu. Nadhani kila mtu alidhani hivyo."

"Na wewe, Redio?"

"Mimi na hiki kidude, afande, nasikia sauti yangu tu. Nikisikia chochote nyuma nasonga."

Binti aliketi kwenye baraza, karibu na Inspekta, bila kuombwa. Mikono yake ilikuwa imekiminya kikoba mpaka kikabonyea.

"Sauti ilibadilika wapi?" Inspekta aliuliza. "Fikiri polepole, Mwalimu. Kituo gani?"

"Sihitaji kufikiri." Mwalimu alifungua daftari. "Mimi huandika makosa ya lugha ninayoyasikia. Ni tabia ya tangu kazini. Nikijaza daftari, naliandikia gazeti barua." Akavaa miwani. "Kituo cha kwanza, kiongozi: 'masaa mawili'. Sahihi, saa mbili. Kituo cha tatu, kijana mwenye kamera: 'hii majengo'. Nimepigia mstari mara mbili. Kituo cha tano, wakati wa kuondoka, mkia: 'umo'. Sahihi, upo. Baada ya hapo ni sauti ya kiume, na yeye alisema 'upo' vizuri tu."

"Rudia hapo kituo cha tano."

"Kiongozi aliita, 'Kichwa kipo! Mkia je?' Mama akajibu, 'Mkia umo.' Nikaliandika kosa. Kwa sababu 'upo' ni mahali dhahiri, panapoonekana. 'Umo' ni ndani ya kitu. Na sisi hatukuwa ndani ya kitu, tulikuwa barabarani."

"Mama hakosei hayo," binti alisema.

Wote walimgeukia. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama daftari lililo mkononi mwa Mwalimu. "Tangu utoto wangu. Nikisema funguo ziko mkobani, ananirudisha: zimo. Nikisema yuko chumbani: yumo. Kama alisema umo, basi alikuwa ndani."

Mwalimu alivua miwani. Alilitazama lile neno aliloandika, akalitazama na lile sahihisho lililokuwa pembeni yake, akatoa kalamu na kulifuta.

Inspekta alikwisha simama. "Kituo cha tano ni nini?"

"Nyumba ya Roshani Tatu," Redio alisema. "Hatuingii, afande, tunaitazama kwa nje. Miaka yote imefungwa. Lakini Jumamosi mlango ulikuwa wazi kidogo, nikawaambia watu jamani msiingie, jengo bovu hili, lina bango la kubomolewa."

"Bango linasema lini?"

"Ijumaa hii."

"Twende huko. Vituo vingine achaneni navyo." Alikuwa anatembea huku akiongea, na wengine wakijitahidi kumfuata. "Mama aliingia, akaitikia akiwa ndani. Mliposogea, akatoka mtu mwingine humo humo, akashika nafasi yake. Ndiyo maana hesabu haikupungua. Redio, wewe ulihesabu vichwa, hukuhesabu watu. Mwalimu, alikuwaje mtu huyo?"

Mwalimu alikuwa anahema. "Makamo. Shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni. Viatu vikubwa vya kazi, vyeupe kwa chokaa. Hakuzungumza na mtu. Darajani alikuwa wa kwanza kuondoka."

"Redio, jana ulileta watu huku?"

"Ndiyo, afande, kabla hamjanipigia simu. Saa nne hivi tulikuwa pale."

"Mlango?"

"Umefungwa. Kufuli jipya."

"Uliwaambia nini watu wako?"

"Yale ya siku zote. Kuna hadithi huwa nawapa hapo, nimeitunga mwenyewe, watu wanaipenda. Kwamba mwenye nyumba wa kwanza hakubali kuondoka. Kwamba ni mzimu mpole, na ukisimama kimya karibu na ukuta, akisikia wageni anabi..."

Redio alisimama katikati ya kichochoro.

"Anafanya nini?" Inspekta alisema.

"Anabisha." Redio alimgeukia Inspekta. "Afande, jana alibisha."

Inspekta alirudi hatua mbili.

"Watu walicheka," Redio alisema. "Na mimi nilicheka, tena kuliko wao. Nikadhani ni mafundi wako ndani wananitania. Nikasema kwenye kipaza sauti, mnamsikia? Karibu, mzee, wageni wako hawa. Akabisha zaidi. Wakapiga makofi."

"Ulipoondoka?"

"Alikuwa bado anabisha."

Futi ilianguka chini. Binti alikuwa ameanza kukimbia, na Inspekta hakumwita arudi. Alikimbia nyuma yake.

Kabla ya kuiona nyumba walisikia injini. Kichochoro kiliishia kwenye kiwanja kidogo kilichozungushiwa mabati, na mabati mawili yalikuwa yameondolewa ili tingatinga lipite. Lilikuwa limeingia tayari. Lilisimama ubavuni mwa Nyumba ya Roshani Tatu, koleo lake limeinuliwa usawa wa kifua cha mtu, moshi mweusi unapanda kwenye roshani ya kwanza. Wafanyakazi wanne walikuwa wamejitenga. Wa tano, aliyevaa kofia ngumu nyeupe, alikuwa akimwashiria dereva kwa mkono: njoo, njoo.

Binti alipita katikati yao wote akaenda kusimama kati ya koleo na ukuta.

"Zima!" Inspekta aliinua kitambulisho juu. "Polisi. Zima mashine."

Dereva alizima. Haikusikika hodi wala sauti yoyote kutoka ukutani.

Mwenye kofia nyeupe alikuja kwa haraka. Kalamu mbili zilikuwa mfukoni mwake. Mwalimu, aliyefika wa mwisho huku ameshika mbavu, alimwangalia mara moja tu. "Ndiye," alisema.

"Mimi ndiye mhandisi wa kazi hii," mtu yule alisema. "Kibali ninacho. Jengo hili ni hatari, afande, nyufa mpaka kwenye nguzo. Mwondoe huyo dada pale kabla halijamwangukia."

"Kuna mtu humo ndani?"

"Hakuna. Nimelikagua mwenyewe."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa nne, nne na kitu."

"Ukatoka ukaenda wapi?"

"Ofisini."

"Kwa njia gani?"

Mhandisi alifungua mdomo, akamwona Redio, kisha Mwalimu. Akaufunga.

"Ufunguo wa kufuli," Inspekta alisema.

"Umebaki ofisini."

Koplo hakungoja mjadala. Alichukua mtaimbo mikononi mwa mfanyakazi mmoja, akaupenyeza kwenye kitasa cha kufuli, akaning'inia nao kwa uzito wake wote wa miaka hamsini na tisa. Mara ya tatu kitasa kiling'oka na kipande cha mlango.

Ndani mlinuka vumbi la chokaa. Ukumbi ulikuwa mrefu, nguzo sita za mawe, na ngazi ya mbao ikipanda kushoto. Inspekta alimulika nguzo ya kwanza kwa tochi. Ufa ulikuwapo kweli, mpana, umeshuka mpaka sakafuni. Aliupitishia kidole. Pembeni mwa ufa mlikuwa na alama fupifupi, zimepangana, na chini yake sakafuni vumbi jeupe jipya. Ufa unaojileta wenyewe hauna alama za patasi. Nguzo ya pili ilikuwa hivyo, na ya tatu. Kuanzia ya nne zilikuwa nzima, laini, hazijafikiwa bado. Hiyo ndiyo nyumba aliyotaka kuitazama vizuri mtu aliyewahi kuichora.

"Mama," binti aliita. "Mama."

Chini ya ngazi palikuwa na mlango mfupi wa stoo, mbao nene za zamani, na komeo la chuma kwa nje. Komeo lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho. Inspekta alilivuta kwa mikono miwili.

Mama alikuwa ameegemea ukuta wa nje, ule ambao tingatinga lilikuwa linauelekea, miguu ameinyoosha. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Cha pili alikuwa amekishika mkononi, kisigino kimebanduka, na ukutani karibu na bega lake plasta ilikuwa imetoboka shimo la ukubwa wa sahani. Hakufumbua macho. Inspekta alipiga magoti, akaweka vidole shingoni, akasubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Yupo," alisema.

Binti aliinama akanusa pumzi ya mama yake. Ilinuka matunda yaliyopitiliza kuiva. Aliijua harufu hiyo, na uso wake ulionesha kwamba aliijua. "Gari la wagonjwa," alisema. "Sasa hivi. Hii sindano yangu peke yake haitoshi tena. Waambie sukari, siku mbili, hajanywa maji."

Gari lilifika kwa dakika kumi na mbili. Muuguzi alimtundikia mama dripu pale pale sakafuni, chini ya ngazi, akamsikiliza kifua. "Mngechelewa mpaka mchana mngemkuta wa baridi," alisema bila kugeuka. Wakambeba. Redio alishika upande mmoja wa machela mpaka kwenye gari, na mlango ulipofungwa alibaki amesimama palepale, akikifungua kile kipaza sauti kiunoni.

Mhandisi alikuwa amekalishwa juu ya rundo la matofali, pingu mkononi. Koplo alikuwa mbele yake na karatasi.

"Nilifunga mlango tu," mhandisi alikuwa akisema. "Andika hivyo. Sikumgusa hata kwa ukucha."

"Kwa nini ulifunga?" Inspekta aliuliza.

"Alinikuta na patasi. Akaanza, wewe kijana, nguzo hizi nazijua mimi, nitakwenda halmashauri leo hii. Wanaotaka kiwanja walipata kibali kwa ripoti yangu ya nyufa, afande, na nyufa zenyewe zilikuwa bado hazipo. Nilitaka anyamaze kidogo, nipate kufikiri. Akasikia kiongozi anaita, akaitikia, kisha yeye mwenyewe akainamia stoo kutazama msingi wa nguzo. Nikasukuma mlango. Basi."

"Halafu ukatoka ukawa mkia."

"Waliita tena pale konani. Kama asingeitikia mtu wangerudi. Nikaitikia."

"Na baada ya daraja?"

"Nilichanganyikiwa. Nilidhani atapata njia. Nyumba ya zamani hii, ina matundu. Halafu mambo yakanipita." Sauti yake ilikuwa imeanza kutengemaa, alikuwa anajiamini kadiri anavyosema. "Sikutaka afe. Wallahi sikukusudia. Ni bahati mbaya."

Koplo aliinua kalamu. "Niandike hivyo, afande? Bahati mbaya?"

"Andika alivyosema."

Kisha Inspekta alitembea mpaka kwenye tingatinga. Dereva, mzee mwenye ovaroli ya bluu, alikuwa ameshuka na kukaa kwenye mnyororo wa mashine. Alikuwa ameona machela ikitoka. Sigara ilikuwa mdomoni, hajaiwasha.

"Pole, baba," Inspekta alisema, akakaa karibu naye.

"Mwanangu, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Bango linasema Ijumaa. Mbona uko hapa leo?"

"Alinipigia jana jioni. Akasema mipango imebadilika, njoo kesho asubuhi na mapema. Nikamwambia hewala, bosi, nitaanza na roshani. Maana nyumba ya hivi, mwanangu, unaanza juu. Unateremka nayo polepole. Ukianza chini inakuangukia wewe mwenyewe. Kazi hii naifanya mwaka wa thelathini huu."

"Akasema sawa?"

"Akasema hapana." Mzee alitoa ile sigara mdomoni, akaitazama. "Akasema usianze juu. Anza na ukuta wa ngazi, kwa chini. Nikamuuliza mara mbili, nikidhani simu inakatakata. Bosi, ukuta wa ngazi? Akasema ndiyo. Ukuta wa ngazi, pigo la kwanza."

Inspekta aliandika maneno hayo yote, akamsomea, mzee akatia sahihi. Kisha alirudi kwenye rundo la matofali na kumpa Koplo ile karatasi. Koplo aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza hakumuuliza mkubwa wake chochote. Alirudi kwenye maelezo ya mhandisi, akafungua ukurasa mpya, na akaanza swali la kwanza upya, safari hii polepole, akimtazama machoni.